Jinsi ya kuandika maelezo ya zana ya kutoa data ili ejenti wa AI asikisie

Tuseme una mfumo wa mauzo ya duka, una zana ya kutoa data kwa CSV (faili la jedwali la maandishi matupu, kama linalofunguka kwenye Excel), na sasa unataka ejenti wa AI (programu ya AI inayochagua na kuendesha zana yenyewe) aitumie mwenyewe. Jua kwamba ye haoni msimbo wako, anaona jina la zana, maelezo na parameta (vitu anavyojaza ili kuiendesha, kama tarehe) basi. Hata ukipitia MCP, ile itifaki ya kuunganisha AI na zana ambayo kampuni ya Anthropic waliitoa Novemba 2024, ni hivyo hivyo. Mfanyakazi mgeni akikwama atauliza, ejenti akikwama mara nyingi anakisia, tena kwa kujiamini balaa.

Hatua ya 1: jina. toa_mauzo inatosha. Ila ukiwa na toa_mauzo na pata_mauzo pamoja bila kusema zinatofautiana nini, hapo unajitafutia kesi.

Hatua ya 2: maelezo. Wengi wanaandika "Inatoa data ya mauzo" wanaondoka zao. Andika hivi:

"Inatoa mauzo yaliyolipwa ya tawi moja kama faili la CSV, mstari mmoja kwa kila risiti. Haijumuishi risiti zilizofutwa wala oda ambazo hazijalipwa. Ukitaka jumla tu, tumia jumla_ya_mauzo. Haibadilishi chochote kwenye mfumo."

Sentensi inayobeba kazi hapo ni ile ya "haijumuishi", maana bosi akiuliza oda zinazodaiwa ni ngapi ejenti anajua kabisa hii siyo zana yake, badala ya kutoa faili halafu kusema hakuna anayedaiwa.

Hatua ya 3: tarehe na saa, na hapa usiwe na haraka. 03/04/2025 kwetu ni tarehe tatu mwezi wa nne, Mmarekani anasoma Machi 4, kwa hiyo lazimisha 2025-04-03 na uweke mfano ndani ya maelezo ya parameta yenyewe. Sema kama tarehe_mwisho nayo inahesabiwa au inaishia siku moja kabla. Sema saa ni za wapi, kwa sababu seva nyingi zinatunza UTC (saa ya kimataifa) na sisi tuko masaa matatu mbele, yaani risiti ya saa saba usiku kwa UTC bado ni ya jana. Halafu kuna hili ambalo miongozo ya wazungu haiwezi kukuambia: mtumiaji wako ataandika "nitolee mauzo kuanzia saa mbili asubuhi" na ejenti anaweza kutuma 02:00. Andika wazi: "Saa ni za mfumo wa masaa 24. Mtumiaji akitaja saa kwa Kiswahili, saa mbili asubuhi ni 08:00."

Hatua ya 4: kolamu. Moja moja, na mfano wa thamani. kiasi ni 15000, siyo 15,000/=, na useme kama VAT imo au haimo. Namba ya simu iite maandishi, la sivyo ikifika Excel ile sifuri ya mbele inapotea.

Hatua ya 5: inachorudisha. Usimwage mistari elfu hamsini kwenye jibu, utajaza kumbukumbu ya mazungumzo yote na ejenti atasahau hata alichotumwa. Rudisha mahali faili lilipo, idadi ya mistari, na mistari michache ya mwanzo, na maelezo yaseme hivyo. Ongeza kwamba mistari 0 maana yake hakuna mauzo siku hizo, siyo kosa, asije akarudia rudia kuomba.

Ujumbe wa makosa nao ni sehemu ya maelezo bana. "Kosa 400" halimsaidii mtu, "tarehe_mwanzo iko baada ya tarehe_mwisho, zibadilishane" linamfanya ajirekebishe hapo hapo.

Hatua ya 6: taarifa za wateja. Majina na simu zisitoke mpaka ziombwe kwa parameta yake. Tanzania tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022, Kenya wana yao ya 2019.

Hatua ya 7: jaribu. Fungua mazungumzo mapya, mpe zana bila kumweleza kitu kingine, uliza kama bosi anavyouliza: "Juzi tawi la Mbagala tumeuza shingapi?" Usiangalie jibu kwanza, angalia parameta alizotuma. Uliza tena kwa maneno mengine, na tarehe zikibadilika kwa swali lile lile, rudi hatua ya 3.