Uhai kwenye Mirihi: anza na jiwe la Goma

Wanafunzi wangu wa Majengo hawachoki kuuliza: mwalimu, kule Mirihi kuna watu? Ukiulizwa hivyo, weka simu pembeni. Okota jiwe jeusi la volkano ya Nyiragongo; la mlipuko wa 2002 linafaa zaidi, maana limeshaota ukoga wa kijivu. Waache walikague. Vile vitundu vimetobolewa na gesi jiwe likiwa bado moto, si na mdudu. Ukoga ndio uhai. Wabishane hapo hata nusu saa, usiwakate.

Kisha wapeleke Jezero, shimo la Mirihi lenye upana wa kilomita 45, lililokuwa ziwa zaidi ya miaka bilioni 3 iliyopita. Roboti Perseverance ilitua humo Februari 2021, na mwaka 2024 ikakuta mwamba wenye madoa kama ya chui. Duniani, madoa ya aina hiyo mara nyingi huenda pamoja na vijidudu, ila kemia peke yake nayo yaweza kuyafanya. Basi ubaoni andika “huenda”. Kipande cha mwamba huo kimeshachukuliwa, lakini bado kiko hukohuko Mirihi.