Databesi ya Access ofisini inafunguka kwa mtu mmoja tu? Anza na folda

Juzi nimemsaidia dada mmoja mhasibu, databesi ya Access (programu ya Microsoft ya kutunza data) iko kwenye mashine yake, yeye akishaifungua tu wenzake wote wanaambiwa inatumiwa na mtu mwingine, au inafunguka lakini hawawezi kuandika kitu. Walishaambiwa wanunue sava mpya. Jamani msinunue chochote kwanza, na wala msianze kufuta Office na kuiweka upya, mara nyingi ishu iko kwenye ruhusa za folda.

1. Mashine zionane. Piga ping kwa jina la mashine yenye databesi, yaani kwenye mashine nyingine fungua Command Prompt uandike ping na jina hilo, uone kama inajibu. Kimya? Angalia netiweki yake isiwe imewekwa Public, iwe Private, halafu washa File and Printer Sharing.

2. Tumia njia kamili, mfano \\UHASIBU\Data, sio draivu Z ambayo kwa mwingine inaitwa Y. Na tumia jina, maana namba ya IP rauta inaweza kuibadilisha kesho.

3. Ruhusa. Hapa tulieni, ndipo muda wa watu unapopotelea.

Mtu akifungua databesi kwa kushirikiana, Access inatengeneza faili dogo pembeni yake, jina lile lile ila mwishoni .laccdb (kwa zile za zamani za .mdb ni .ldb), humo inaandika nani yuko ndani, na wa mwisho akitoka inalifuta. Kwa hiyo kila anayetumia lazima aweze kutengeneza na kufuta mafaili kwenye FOLDA nzima, ukimruhusu kuandika kwenye lile faili la databesi peke yake haitoshi. Asipoweza kulitengeneza, Access inaweza kumfungulia yeye peke yake na kuwafungia wengine wote, na hapo mtaanza kulaumu databesi wakati haina kosa.

Sasa milango ni miwili. Ukifungua Properties za folda, kuna ruhusa za Sharing na kuna za Security, na mtu akiingia kupitia netiweki Windows inafuata ile inayobana zaidi. Ukishea kwa Advanced Sharing yenyewe inaweka Read tu, wewe weka Change. Kwenye Security wape Modify, na iwe kwenye folda, sio kwenye faili.

Halafu kuna haya:
- Folda iwe sehemu kama C:\Data, isikae Desktop wala Documents za mtu.
- Faili ukilihamisha kwa cut ndani ya draivu hiyo hiyo linaweza kuja na ruhusa zake za zamani. Liko hivyo? Likopi, kopi inachukua ruhusa za folda mpya.
- Akaunti isiyo na pasiwedi Windows haiipokei kupitia netiweki, hata kama hapo hapo kwenye mashine inaingia vizuri. Na PIN sio pasiwedi! Watu wanaandika PIN mpaka wanachoka, inayotakiwa ni pasiwedi ya akaunti iliyoko kwenye mashine yenye databesi.
- Ukibadilisha pasiwedi, nenda Credential Manager (Windows inapohifadhi pasiwedi) kwenye mashine ya yule anayekataliwa ufute ile ya zamani, la sivyo Windows itaendelea kupeleka ile ile.
- Msifungue tu kwa Everyone (yaani kila mtu) mkaondoka, hizo ni hesabu za watu. Kila mmoja awe na akaunti yake.

4. Faili la .laccdb limeganda. Wote wametoka na bado lipo? Kwenye mashine yenye databesi fungua Computer Management, Shared Folders, Open Files, utaona nani bado kashika. Afunge kwanza ndipo ulifute. Usilifute mtu akiwa ndani.

5. Igawe databesi. Database Tools, kisha Access Database. Meza za data zinabaki kwenye folda ya pamoja, fomu na ripoti kila mtu anakuwa na kopi yake. Hapa sibembelezi, watu watano kufungua faili moja lenye kila kitu ni kutafuta kuliharibu.

6. Kebo, sio waifai. Waifai ikikatika mtu akiwa katikati ya kuandika, faili linaweza kuharibika. Umeme nao hivyo hivyo, kwa hiyo mashine yenye databesi na swichi ya netiweki vikae kwenye UPS (betri ya akiba umeme ukikatika). Na tafadhali sana, msiiweke kwenye OneDrive, Google Drive wala Dropbox mkidhani mnashea, hizo zinakopi faili zima na Access haikutengenezwa kwa hilo. Compact and Repair (ile ya Access ya kubana na kurekebisha faili) fanyeni wote wakiwa nje, bakapu ikiwa tayari. Faili likikaribia GB 2 ndio mwisho wa Access, hapo hamisheni meza ziende SQL Server Express, databesi kubwa zaidi ya Microsoft, ni ya bure.

Kuhakiki: wawili wafungue kwa pamoja kutoka mashine tofauti, angalia kwenye folda .laccdb itokee, kila mmoja aandike rekodi yake, kisha wote wafunge. Ikipotea yenyewe, kazi imeisha. Ikibaki na hakuna aliyeshika, huenda kuna mtu hana ruhusa ya kufuta, rudi namba 3.