Kuuza viatu kwa simu: anza na WhatsApp Business

Kama una duka la viatu au hata meza tu pale Kariakoo, tafuta laini ya pembeni ufungue WhatsApp Business, yaani WhatsApp ya wafanyabiashara, ni bure na ipo tangu 2018, jaza mahali ulipo na saa za kufungua, hapo humalizi hata dakika kumi.

Kazi iko kwenye picha. Piga mchana, karibu na mlango kwenye mwanga, onyesha soli na ndani pia maana mteja wa mtumba anaanza kuangalia soli, halafu andika saizi na bei hapohapo. Jamani bei iandikwe! Ile ya "bei njoo inboksi" inafukuza watu, mtu yuko kwenye daladala, bando linaisha, hana muda wa kubembelezana. Weka kwenye katalogi, ile orodha ya bidhaa humohumo kwenye WhatsApp Business, na kiatu kikiuzwa kitoe siku hiyohiyo.

Mzigo mpya ukiingia tuma kwa listi ya brodikasti, yaani ujumbe mmoja unawafikia wengi kwa mpigo, kila mtu kivyake, listi moja inabeba hadi watu 256, ila ujumbe unamfikia tu aliyesevu namba yako, kwa hiyo mteja akinunua dukani mwombe aisevu palepale. Usitume kila siku, watakubloku.

Malipo pokea kwa lipa namba, ile namba ya biashara ya kupokelea pesa kwa simu. Na usimpe bodaboda mzigo eti umetumiwa skrinshoti, zinatengenezwa hizo, hata meseji zinaigizwa, ingia kwenye menyu ya lipa namba yako uone salio limeongezeka ndo umwachie kiatu.