Jinsi ya kucheki kama laptopu yako inazuia kodi (maagizo ya programu) ku-run kwenye eneo la data

Wakuu, kama umechukua laptopu ya mtumba hapa Dodoma, iwe Majengo au Sabasaba, kabla hujaijaza mafaili yako cheki kwanza NX (No-Execute), yaani kinga ya kwenye prosesa inayozuia hilo. Memori imegawanywa kwenye kurasa, nyingi za KB 4, na kila ukurasa una biti zake kwenye jedwali ambalo prosesa inalisoma, sasa biti ya 63 ikiwa 1 maana yake humu ni data tu, ku-run kodi marufuku. Kwahiyo jamaa akikutumia faili la ovyo likafurika kwenye steki (sehemu ya memori ambako programu inaweka data zake za muda), maagizo yake yataingia kweli lakini prosesa ikitaka kuyatekeleza inagoma hapohapo na programu inafungwa, na bora ifungwe aisee.

Linux fungua terminal andika `grep -w nx /proc/cpuinfo`, ukiona mistari imetoka uko poa.

Windows bonyeza Windows+R, andika `SystemPropertiesDataExecutionPrevention`, Enter. Chaguo la kwanza linalinda vitu muhimu vya Windows tu, mi nakushauri la pili, programu zote, halafu kama kuna kiprogramu cha kizamani cha hesabu za duka kinagoma kufunguka basi hicho peke yake unakiweka kwenye orodha ya kuruhusiwa (za biti 64 hazina msamaha, zinalindwa muda wote).

Ukiambiwa prosesa haina, usikimbilie kwa fundi. Ingia BIOS (mipangilio ya mashine unayoifungua kabla Windows haijawaka) utafute Execute Disable au No-Execute, iwashe, sevu. AMD walileta hii kitu 2003, Intel wakafuata, so mashine yoyote ya miaka ya karibuni inayo, labda tu mtu aliizima.