Council Tax ikikushinda England: namna ya kuomba ipunguzwe

Usingoje barua ya mahakama. Ukiona tu kwamba kodi ya halmashauri hutaimudu, anza kuomba. Maelezo haya ni ya England. Scotland na Wales zina taratibu zao.

1. Sahihisha bili. Ukiwa mtu mzima peke yako nyumbani, una haki ya punguzo la asilimia 25, hata kama kipato chako ni kizuri. Bili ya £1,440 inashuka hadi £1,080. Mwanafunzi wa muda wote hahesabiwi kati ya watu wazima wa nyumba.

2. Omba Council Tax Reduction, punguzo la wenye kipato kidogo. Hapa wengi huteleza: wakishaomba Universal Credit, msaada wa fedha wa serikali kwa wenye kipato kidogo, wanadhani na hili limeombwa. Halijaombwa. Jaza fomu ya halmashauri siku hiyohiyo, maana miezi iliyopita huenda usilipwe. Kama viza yako inakukataza fedha za umma, punguzo hili limo kwenye katazo. Lile la asilimia 25 halimo.

3. Bado huwezi? Tumia kifungu 13A(1)(c) cha sheria iitwayo Local Government Finance Act 1992. Kinairuhusu halmashauri kupunguza bili kwa kiasi inachoona kinafaa, hata kuifuta yote. Inasikitisha kwamba mlango huu wengi hawaujui. Usipoona fomu yake, andika barua na ukitaje kifungu kwa namba.

Kusema tu "nina hali ngumu" hakutoshi. Weka hesabu ya mwezi, kwa mfano: kipato £1,150, pango £700, umeme na gesi £140, chakula £260, nauli £90. Jumla ya matumizi ni £1,190, yaani pengo la £40 kabla hujagusa kodi yenyewe. Eleza kilichotokea na tarehe yake: kuachishwa kazi, ugonjwa, msiba. Ambatisha taarifa za benki za miezi 2 au 3, na kila kiasi kikubwa kitolee maelezo. Kama ulituma £200 kwa matibabu ya mzazi, andika hivyo pembeni ya mstari huo. Ofisa akiiona bila maelezo, atadhani ni pesa ya ziada.

4. Endelea kulipa unachoweza. Ombi peke yake halisimamishi madai. Ukikosa awamu moja, barua ya ukumbusho hukupa siku 7. Ukiipuuza, unaweza kudaiwa ya mwaka mzima kwa mkupuo, kisha ukaitwa mahakamani na gharama zikaongezwa juu. Omba pia awamu 12 badala ya 10: ile £1,440 inatoka £144 hadi £120 kwa mwezi.

5. Wakikataa, iandikie halmashauri kwanza ukieleza wamekosea wapi. Wana miezi 2 ya kujibu. Jibu lisiporidhisha, una miezi 2 tangu tarehe yake kukata rufaa Valuation Tribunal, baraza huru la rufaa za kodi hii, bila ada yoyote. Wakinyamaza, rufaa yako ifike ndani ya miezi 4 tangu ulipowaandikia malalamiko hayo mara ya kwanza, kwa hiyo tunza nakala ya barua hiyo ikiwa na tarehe.