Mtu Mzima Ndani ya Kitoto Kichanga: Namna ya Kuandika Hadithi ya Kuzaliwa Upya katika Ulimwengu wa Uchawi

Hadithi ya mtu anayekufa katika ulimwengu huu, kisha akazaliwa upya na kumbukumbu zake zote mahali ambapo uchawi ni jambo la kila siku, imejipatia wasomaji wengi sana, hasa kupitia waandishi wa Japani, ambao masimulizi ya namna hiyo huyaita isekai, yaani ulimwengu mwingine. Wengi wanaoijaribu huanza vizuri na kuiharibu ukurasa wa tatu. Mhusika hufa, mara nyingi kwa kugongwa na lori, hufumbua macho mikononi mwa mama mpya, na kabla msomaji hajatulia anakutana na sentensi isemayo "miaka saba ikapita", na mtoto amekwisha kuwa bingwa. Sentensi hiyo ndiyo inayoiua hadithi. Msomaji alivutwa na hali moja isiyopatikana kwingineko, nayo ni mtu mzima aliyefungiwa ndani ya mwili usiomtii, na ukiiruka hali hiyo unabaki na hadithi ya mtoto mwenye kipaji, na hizo ziko tele. Mwongozo huu unahusu namna ya kuiandika miaka ambayo waandishi huikimbia.

Kifo na kilichoachwa

Kifo chenyewe kiandike kwa aya moja, zikizidi mbili. Msomaji anajua tangu mwanzo kwamba mhusika atakufa, kwa hiyo maelezo marefu ya ajali humchosha bure. Kinachohitaji uangalifu ni kile ambacho marehemu amekiacha katikati. Chagua kitu kimoja tu, kidogo na cha kushikika, kwa mfano ujumbe wa sauti wa dada yake ambao alikusudia kuusikiliza jioni. Majuto makubwa ya jumla, kama "sikuwahi kuishi nilivyotaka", hayana pa kushikwa, ilhali ujumbe ambao hautasikilizwa kamwe unaweza kumrudia mhusika kila anapolazwa na nyumba ikanyamaza.

Mwili unaotangulia akili

Hapa ndipo pa kukaa. Tazama jinsi rasimu nyingi zinavyoanza: "Nilifumbua macho nikaona chumba chenye mapazia mekundu, mwanamke mrembo mwenye nywele ndefu, na mwanamume aliyevaa upanga kiunoni." Kichanga hawezi kuona hayo. Macho yake huona kwa afadhali vitu vilivyo umbali wa sentimita 20 hadi 30, takriban umbali wa uso wa anayemnyonyesha, na vilivyo mbali zaidi ni ukungu. Rangi nazo hazimkolei vizuri mpaka afikie karibu miezi 5. Masikio na pua, kwa upande mwingine, hufanya kazi tangu siku ya kwanza, na ndani ya siku chache anaweza kuitambua harufu ya maziwa ya mama yake. Kwa hiyo ulimwengu mpya umfikie kwanza kwa sauti, harufu na joto, na upanga usubiri:

"Kulikuwa na mwanga upande mmoja na giza upande wa pili. Kisha giza likasogea karibu, likanukia maziwa, likatokea madoa mawili meusi zaidi ambayo nilijua kuwa ni macho. Nilitaka kuuliza niko wapi. Mdomo ukafunguka wenyewe, ukatoa mlio wa paka, na kabla sijamaliza kuona haya nilikuwa nimelala."

Usingizi huo wa ghafla si mzaha. Kichanga hulala saa 14 hadi 17 kwa siku, na mwandishi anayelijali jambo hilo hupata chombo kizuri cha kusimulia, kwa sababu mhusika wake atapitiwa na usingizi katikati ya fikra muhimu, ataamka akiwa ameipoteza, na msomaji ataikumbuka kuliko yeye. Mikono nayo ina mambo yake. Ukiweka kidole kwenye kiganja cha kichanga, hukifumbata pasipo kukusudia, na tabia hiyo haiishi mpaka kwenye mwezi wa 5 au wa 6. Hebu mfikirie mwanamume wa miaka arobaini aliyepewa kidole na babu asiyemjua, naye anataka kukiachia lakini hawezi, huku babu akitokwa na machozi ya furaha kwa kudhani kwamba amependwa. Tukio la nusu ukurasa kama hilo lina uzito kuliko pambano la kwanza na joka.

Machozi pia yafaa yaangaliwe. Watoto wachanga hulia kwa wiki za mwanzo bila machozi yoyote, kwa kuwa tezi zao bado hazitoi ya kutosha. Mhusika anayewaombolezea watu aliowaacha atafanya hivyo kwa macho makavu, na sauti yake wazazi wataitafsiri kuwa ni njaa, winda lililolowa, au msokoto wa tumbo. Nikiwa mhariri, rasimu isiyotumia jambo hili ningeirudisha kwa mwandishi wake.

Baada ya hapo fuata kalenda ya mwili bila kuionea haya. Mtoto hukaza shingo katika mwezi wa 3 au wa 4, hukaa bila kuegemezwa karibu na mwezi wa 6, hutambaa baina ya mwezi wa 7 na wa 10, husimama dede, na hupiga hatua zake za kwanza karibu na kutimiza mwaka. Mhusika wako anaweza kutangulia kidogo, maana ana nia ambayo watoto wengine hawana, lakini nia haikazi misuli. Kichwa cha mtoto aliyezaliwa sasa hivi ni karibu robo ya urefu wake wote, na mikono yake ni mifupi mno kwa kichwa hicho. Ndiyo sababu mtoto mdogo hawezi kupitisha mkono juu ya kichwa akalishika sikio la upande wa pili mpaka afikie miaka 6 au 7. Mtoto wa miaka 3 anayezungusha upanga wa baba yake ataanguka nao, na hakuna kumbukumbu za maisha ya zamani zitakazomsaidia.

Lugha asiyoijua

Makosa ya kawaida ni kumfanya mhusika aielewe lugha mpya baada ya aya mbili. Watoto wachanga huweza kuzitofautisha sauti za lugha nyingi, lakini kadiri wanavyokaribia kutimiza mwaka masikio yao huelekea kwenye sauti za lugha wanayoisikia nyumbani. Mhusika wako ana masikio ya kichanga na mazoea ya mtu mzima, na mazoea hayo humdanganya. Kusema nako ni shida nyingine, kwa sababu koromeo la kichanga limekaa juu zaidi kuliko la mtu mzima, basi hata neno alijualo vyema hutoka likiwa limevunjika.

Njia ninayoipendekeza ni kumpa maneno yasiyozidi kumi katika mwaka wa kwanza, na kila moja alipate kwa kukosea. Tuseme kila taa inapowashwa mama husema tawe. Mhusika, kwa kiburi cha mtu aliyesoma, anahitimisha kwamba tawe ni taa, na siku anayotimiza mwaka anainyooshea kidole na kulitamka mbele ya wageni. Wote wanacheka na kumsifu. Miezi miwili baadaye analisikia neno lilelile likisemwa karibu na chungu kinachochemka, kisha karibu na kisu, ndipo anapotambua kwamba lilikuwa na maana ya "usiguse", na kwamba siku ile kila mtu alidhani anajionya mwenyewe.

Jina la uchawi na bei yake

Anayeandika kwa Kiswahili ana tatizo ambalo waandishi wengine hawana. Neno uchawi lina usiku na husuda ndani yake. Mchawi ni mtu mbaya kabla hajafanya lolote, na kitenzi kuroga hakina matumizi mema. Uganga huelekea kwenye tiba, kiinimacho na mazingaombwe ni michezo ya kudanganya macho, na sihiri ina harufu ya vitabu vya zamani. Ukiandika kwamba "mama yangu mpya alikuwa mchawi hodari" msomaji atamwogopa mama huyo, hata kama ulitaka ampende. Mimi mwenyewe nimelitumia neno hilo katika kichwa cha mwongozo huu kwa sababu ndilo linaloeleweka haraka, lakini ndani ya hadithi ningelitenga kwa ajili ya maadui, kisha watu wa kawaida wa ulimwengu huo wawe na neno lao la kazi, kama vile kuamsha au kuita: "ameuamsha moto", "ameuita upepo". Amua kabla ya ukurasa wa kwanza na usibadili.

Kisha weka bei. Hesabu ndogo inasaidia kuliko nadharia. Kuchemsha lita 1 ya maji kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 100 za selsiasi kunahitaji takriban kilojuli 335, yaani kama kilokalori 80. Kichanga chenye kilo 3.5 kinahitaji takriban kilokalori 350 kwa siku nzima. Ikiwa nguvu ya uchawi inatoka mwilini, basi mtoto anayechemsha lita moja tu ya maji ametumia karibu robo ya maziwa ya siku hiyo, na akifanya hivyo kila siku kwa siri atakonda, utosi wake utabonyea, na mama atahangaika naye kwa waganga bila kujua chanzo. Huna haja ya kumwonyesha msomaji hesabu hiyo, lakini ukiwa nayo kichwani utajua ni lini mhusika azimie na ni lini aombe kunyonya. Ukiamua kwamba nguvu inatoka kwingine, sema inatoka wapi, na mwoneshe anayeikosa pale mtoto anapoichukua.

Maarifa ya maisha ya kwanza

Mhusika anayekumbuka maisha yake ya awali hudhaniwa kuwa ana hazina, ilhali wengi wetu tunajua kutumia vitu, si kuvitengeneza. Karani aliyeshika simu miaka kumi hawezi kuunda hata betri yake. Kabla hujaandika, orodhesha yale tu ambayo mhusika aliyafanya kwa mikono yake. Ikiwa aliwahi kutengeneza sabuni, atajua kwamba mafuta yanahitaji magadi makali, na kwamba maji yaliyochujwa kwenye majivu ya kuni yanaweza kukaribia kazi hiyo; ikiwa hakuwahi, asijue.

Hata anayejua kweli hupata shida ya kusadikiwa. Mwaka 1847, katika hospitali ya wazazi mjini Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliwataka madaktari wanawe mikono kwa maji yenye klorini kabla ya kuwahudumia wajawazito, na vifo katika kliniki yake vikashuka kutoka takriban asilimia 18 mwezi Aprili hadi karibu asilimia 2 mwezi Juni. Alikuwa na shahada na takwimu, na bado wenzake wengi walimpinga. Alifariki mwaka 1865 akiwa katika nyumba ya wagonjwa wa akili. Hata tarakimu tunazohesabia leo zilikataliwa: mwaka 1299 chama cha wabadilisha fedha wa Florence kiliwazuia wanachama wake kuzitumia katika vitabu vyao vya hesabu. Ikiwa hayo yaliwapata watu wazima, mtoto wa miaka 4 anayemwambia mkunga anawe mikono ataambiwa akacheze nje. Mwache akacheze nje, na mjamzito augue. Hapo hadithi yako itakuwa na jeraha ambalo uchawi hauliponyi.

Mama

Swali ambalo waandishi wengi hulikwepa ni hili: je, kulikuwa na mtoto mwingine ambaye angezaliwa katika mwili huo? Si lazima ulijibu, ila mhusika mwenye dhamiri atajiuliza, na atajiuliza zaidi kadiri anavyopendwa. Watu wazima wengi hawakumbuki lolote la kabla ya miaka 3 hivi, na unaweza kuitumia hali hiyo kinyume, yaani ubongo unapokua uanze kumnyang'anya maisha ya kwanza kidogo kidogo. Abaki na jedwali la kuzidisha, apoteze sauti ya mama wa kwanza. Usiku mmoja ajaribu kuikumbuka, na inayokuja iwe ya huyu wa pili.

Mama mpya naye asiwe pambo la kunyonyesha. Yeye ndiye anayemwangalia mtoto kuliko mtu yeyote, kwa hiyo ndiye atakayeona kwamba mwanawe, akidhani yuko peke yake, hunyamaza kwa namna ya mtu anayehesabu. Mpe shaka hiyo mapema, na umcheleweshe kuisema. Mwaka wa 3 unafaa, kwa sababu mtoto huwa na sentensi za maneno matatu au manne. Wawe wawili, taa imezimwa, na amuulize kwa sauti ya kawaida ya kulaza mtoto: "Ulikuwa nani?" Mhusika atafute katika lugha mpya neno la "karani", asilipate, aseme, "Nilikuwa naandika." Mama asogeze shuka, akae kimya kidogo, kisha amuulize kama kulikuwa na baridi huko. Ukishaiandika sura hiyo, unaweza kuanza inayofuata kwa "miaka minne ikapita", na msomaji hatakulaumu.