Kuwa mpiga picha wa kujitegemea Uganda ukiwa na ulemavu: hatua kwa hatua

Mwongozo huu unamfaa mtu ambaye tayari anajua kutumia kamera na sasa anataka imlipe: anayetumia kiti cha magurudumu au magongo, mwenye mkono mmoja au mikono inayotetemeka, kiziwi, mwenye uoni hafifu, mwenye ualbino. Umepangwa kwa mazingira ya Uganda, yaani barabara za murram (changarawe nyekundu isiyo na lami), mahema ya sherehe yaliyosimikwa kwenye nyasi, umeme unaokatika na wateja wanaolipa kwa simu. Msimamo wetu ni huu: gharama ya ulemavu kazini ni gharama ya kazi. Iingie kwenye mipango na kwenye bei tangu siku ya kwanza, la sivyo itatoka mfukoni mwako na mgongoni mwako.

Hatua ya 1: Pima siku nzima ya kazi

Chukua karatasi uandike siku moja ya kila aina ya kazi, tangu kutoka nyumbani hadi kulala. Kwanjula, kwa mfano, yaani sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha bwana harusi nyumbani kwa wazazi wa bibi harusi, inaweza kukula saa nane mahali, saa tatu barabarani, kisha siku mbili za kuhariri. Mahafali ni saa nne za msongamano na jua kali. Picha za bidhaa kwa wenye maduka wanaouza WhatsApp na Instagram hupigwa mezani kwako, kwa muda unaoupanga mwenyewe.

Kwa anayeanza, bidhaa ndizo tunazozipendekeza, hata kama ndoto yake ni harusi. Zinajenga wateja wa kurudi kila mwezi na hazidai usafiri. Meza iwe na urefu wa sentimita 75 na uwazi wa sentimita 70 chini yake ili kiti kiingie, na kina chake kisizidi sentimita 60, maana zaidi ya hapo mkono haufiki. Iweke kando ya dirisha lenye pazia jeupe jepesi, na upande wa pili simamisha manila nyeupe irudishe mwanga. Kumbuka Kampala iko karibu kabisa na ikweta: dirisha la kaskazini hupata jua moja kwa moja mwezi Juni, la kusini Desemba. Ukiwa na madirisha yote mawili, hamisha meza kufuata majira.

Hatua ya 2: Ifunge kamera ikufae

Anza na uzito. Kamera ndogo isiyo na kioo ndani pamoja na lenzi ya milimita 50 yenye uwazi wa f/1.8 haifiki gramu 700. Kamera kubwa ya zamani yenye lenzi ya 70-200 f/2.8 hupita kilo 2. Baada ya saa tano tofauti hiyo utaihesabu begani, na anayesukuma kiti kwa mikono anayahitaji mabega hayo hayo kurudi nyumbani.

*Kwenye kiti cha magurudumu.* Nunua klampu ya kazi nzito inayoshika bomba la milimita 13 hadi 55, na mkono wa chuma wenye viungo. Klampu ishike bomba la fremu ya kiti. Ukiifunga kwenye sehemu ya kuegemea mkono inayochomoka, siku moja itachomoka pamoja na kamera. Weka kipande cha mpira wa tairi la baiskeli kati ya klampu na bomba, isiteleze wala kukwangua rangi. Kamera isivuke mbele ya magurudumu madogo. Viti vingi huwa na vizuizi vya kuanguka upande wa nyuma peke yake, kwa hiyo uzito ukitangulia mbele unaweza kupinduka kwenye mteremko. Murram hulegeza skrubu zote: kaza kila unapofika, kabla ya picha ya kwanza.

Tatizo la pili ni kimo. Ukiwa umeketi, jicho liko kama sentimita 115 hadi 120 kutoka ardhini, na watu waliosimama watatoka na videvu vikubwa na matundu ya pua. Funga stendi ya mguu mmoja wima kwenye fremu, ipandishe kamera hadi sentimita 150, uinamishe skrini yake chini uione. Kupiga kwa kutumia programu ya simu, kama Canon Camera Connect, Nikon SnapBridge au Creators' App ya Sony, kunafaa kwa picha za kupanga, lakini picha huchelewa kidogo kufika kwenye skrini ya simu, na kucheleweshwa huko kutakukosesha mtu anayecheza ngoma. Kwa miondoko tumia rimoti ya waya. Wi-Fi hula betri haraka, beba tatu. Kabla ya kupiga funga breki na utumie kasi ya 1/250 au zaidi, kwa sababu fremu ya chuma hupeleka kila mtikisiko hadi kwenye lenzi.

*Mkono mmoja.* Kitufe cha kupigia kiko kulia kwenye karibu kila kamera. Anayetumia kushoto peke yake ana njia tatu: kuigeuza kamera juu chini ili kitufe kiangukie kidole gumba, kisha kuzigeuza picha kwenye kompyuta, stendi ya mguu mmoja na rimoti ya waya, au kugusa skrini kupiga. Stendi na rimoti ndiyo njia inayochosha kidogo kuliko zote. Kufungua kifuniko cha kadi na kubadili lenzi kufanyie mazoezi nyumbani hadi uweze gizani. Ikishindikana, nenda na lenzi moja ya 24-105 usibadilishe kitu siku nzima.

*Magongo.* Mikono ina kazi tayari, kwa hiyo kamera ikae kwenye mkanda wa kifua unaovuka mgongo, isining'inie shingoni ikigonga tumbo kila hatua. Beba kigoda cha kukunja cha sentimita 45 hadi 50.

*Mikono inayotetemeka.* Kasi ya 1/500, ISO iachiwe ipande hadi 6400, piga mfululizo wa fremu tatu hadi tano. Mara nyingi ya katikati ndiyo kali. Chembechembe za ISO husafishika, picha iliyotikisika haiponi.

*Uoni hafifu.* Rekebisha gurudumu dogo kando ya kitafuta taswira hadi maandishi ya ndani yawe makali, washa ulengaji wa macho ya watu, na usiamini mwangaza wa skrini: soma grafu ya mwanga. Mwenye ualbino apange kazi za nje kabla ya saa 4 asubuhi na baada ya saa 10 jioni, akiwa na kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kujikinga na jua yanayopakwa upya kila saa mbili.

*Kiziwi.* Zima mlio wa kamera na wa flashi kabla ya kuingia kanisani au msikitini, maana wengine wanausikia na wewe hutajua. Kubaliana na mshereheshaji ishara tatu za mkono: "wanaingia", "subiri", "pete". Usiuze video yenye sauti bila msaidizi anayesikia mwenye vipokea sauti masikioni.

Hatua ya 3: Kagua mahali kabla ya kukubali

Hapa ndipo kazi huokolewa. Nenda mwenyewe au mtume msaidizi apige video ya dakika mbili kutoka barabarani hadi choo. Ndiyo, hadi choo. Siku ya saa nane bila choo cha kuingilia hukufanya usinywe maji, na kwa mwenye jeraha la uti wa mgongo hilo ni hatari ya kiafya.

Pima ngazi. Njia ya kupandia iliyo salama inataka uwiano wa 1 kwa 12: ngazi ya sentimita 15 inahitaji ubao wa sentimita 180. Kwenye nyasi zilizolowa, hasa Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, magurudumu madogo ya mbele huzama. Mbao mbili za plaiwudi za milimita 12, kila moja sentimita 120 kwa 80, zinatosha: msaidizi anahamisha ya nyuma kuileta mbele.

Kwenye kwanjula mahema huelekeana na uwanja ukabaki katikati. Omba kona ya uwanja huo, upande ambao bibi harusi atatokea nyumbani, na uiombe kwa mwenye mahema asubuhi kabla kamba hazijafungwa. Kutoka kona utapata wasemaji wa pande zote mbili bila kuhama. Wakati wa ssenga (shangazi wa bibi harusi) kumtafuta bwana harusi miongoni mwa wageni, watu husimama na simu zao wakakuziba kabisa. Hapo kamera iwe tayari juu kwenye stendi, au msaidizi awe na kamera ya pili ndani ya hema la wageni.

Picha za jioni ziwahi. Jua letu huzama karibu wima, na mwanga wa dhahabu haudumu zaidi ya kama nusu saa. Machweo ya Kampala huwa kati ya saa 12:30 na saa 1:05 jioni mwaka mzima. Kaa mahali pako tayari saa 11:45.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya bei

Mfano wa kwanjula moja nje kidogo ya mji, kwa shilingi. Weka tarakimu za kwako:

Gari la kukodi kwenda na kurudi 120,000, msaidizi 80,000 na chakula chake 10,000, data 20,000, uchakavu wa vifaa 40,000 (vifaa vya 4,000,000 vikifanya kazi 100). Jumla 270,000. Saa zako: 2 za ukaguzi, 8 za sherehe, 14 za kuhariri, yaani 24, kila moja 20,000, ni 480,000. Hadi hapo 750,000. Ongeza asilimia 10 ya dharura: 825,000.

Malipo ya awali yawe nusu, 412,500, na yaingie kabla ya kuagiza gari. Yakipungua chini ya zile 270,000, sherehe ikiahirishwa umekula hasara. Makosa tunayoyaona zaidi ni mpiga picha kukata pesa ya msaidizi ili awe na bei sawa na wenzake. Msaidizi ni kifaa chako cha kazi kama lenzi. Kwenye ankara andika "usafiri na msaidizi" mstari mmoja bila maelezo. Mteja hahitaji historia ya mwili wako ili alipe.

Hatua ya 5: Karatasi

Sajili jina la biashara URSB (ofisi ya usajili wa biashara) na uchukue namba ya mlipakodi URA (mamlaka ya mapato). Kampuni na mashirika hayalipi bila hivyo. Mlipaji aliyeteuliwa na URA akikulipa zaidi ya shilingi milioni moja hukata kodi ya zuio ya asilimia 6. Kazi ya 1,500,000 itakufikia 1,410,000. Dai cheti cha makato hayo, kitapunguza kodi yako.

Mkataba hata wa ukurasa mmoja una uzito kuliko wengi wanavyodhani. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya 2006, kazi iliyoagizwa na mteja huwa hakimiliki yake pasipo makubaliano tofauti. Kwa hiyo andika wazi: "Hakimiliki inabaki kwa mpiga picha, mteja ana ruhusa ya kutumia kwa matumizi haya." Ongeza saa za kuanza na kumaliza, mapumziko ya dakika 20 kila saa tatu, na nafasi uliyoahidiwa uwanjani. Picha za watoto ziwe na idhini ya mzazi kwa maandishi. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi, na maandishi ndiyo ushahidi wako.

Hatua ya 6: Kuhariri bila kuumia

Chuja kwanza: fremu 1,200 zishuke hadi 200 kabla ya kugusa rangi. Darktable ni ya bure na inafungua mafaili ghafi. Kwenye Windows, kubonyeza Shift mara tano huwasha vitufe vinavyonata, ukabonyeza mchanganyiko wa vitufe kimoja kimoja kwa mkono mmoja. Kitufe cha Windows pamoja na alama ya kujumlisha hufungua kikuzaji. Fanya dakika 50, pumzika 10. Weka nakala tatu, mbili nyumbani kwenye diski tofauti na moja mtandaoni, na usifute kadi hadi mteja athibitishe kupokea. Umeme ukikatika katikati ya kunakili, faili linaweza kuharibika, kwa hiyo nakili ukitumia laptop yenye chaji.

Hatua ya 7: Wateja

Tayarisha picha 20 za aina moja ya kazi. Mchanganyiko wa harusi, ndege na machweo hauuzi chochote.

Ulemavu uutaje lini? Baada ya mteja kuona picha na kukubali bei, pamoja na unachohitaji. Ujumbe kama huu unatosha: "Habari za mchana, Mama. Asante kwa kunipa kazi ya Jumamosi. Ninatumia kiti cha magurudumu, hivyo nitahitaji kona ya uwanja upande wa nyumba na gari kuingia hadi getini. Msaidizi wangu atakuja Alhamisi kuangalia mahali." Akijitoa kwa sababu hiyo, Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2020 inakataza ubaguzi, lakini kwa kazi ndogo tunashauri uhifadhi nguvu zako kwa mteja anayefuata. Akikataa kukulipa kazi uliyokwisha kuifanya, hapo usiache.

Jitambulishe pia kwa NUDIPU, muungano wa watu wenye ulemavu ulioanzishwa 1987, na kwa viziwi, UNAD, chama chao cha taifa cha tangu 1973. Mashirika kama haya huwa na mikutano na ripoti zinazohitaji picha. Watoze bei ile ile. Ruzuku ya serikali kwa watu wenye ulemavu hutolewa kwa vikundi, si kwa mtu mmoja, na mlango wake ni afisa maendeleo ya jamii wa wilaya yako. Mkiwa wapiga picha kadhaa, peleka maombi ya vifaa vya kutumia kwa zamu, mkiambatanisha bei za maduka mawili tofauti na orodha ya nani anatunza nini.